Mikono Inakufa Ganzi, Magoti Yanawaka: Kutafuta Chanzo kwenye Usukani na Pedali za Pikipiki

Maumivu ya mwendesha pikipiki yana tabia ya kusingizia. Kiganja kinalalamika wakati mwenye kosa ni kiti. Goti linauma kwa sababu pedali ya gia imepanda juu mno na mguu mzima unalazimika kujinyanyua kila unapobadilisha gia. Ndiyo maana wapo wanaonunua usukani mpya, wakaufunga, wakaupenda kwa macho, na ganzi ikabaki palepale ilipokuwa.

Msimamo wangu kwenye kazi hii ni mmoja: tafuta chanzo kuanzia chini kwenda juu. Miguu kwanza, kiti kifuatie, mikono mwisho. Mwili hubebwa na makalio na miguu. Kazi ya mikono ni kuongoza tu. Ukiona mikono imeanza kubeba mwili, jua kuna kitu huko chini kimeshindwa kazi yake. Na jambo la pili: karibu kila pikipiki ina marekebisho ya bure ambayo hayajawahi kuguswa tangu ilipotoka kiwandani. Liva zinazungushwa, usukani unazungushwa, pedali zinapandishwa na kushushwa. Maliza hayo kabla ya kufikiria kununua.

Kabla ya kushika spana

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, au mwombe mtu aishike ikiwa wima. Vaa viatu na glavu unazotumia siku zote, kwa sababu soli nene peke yake inatosha kubadilisha namna mguu unavyoingia chini ya pedali ya gia. Kaa, fumba macho, acha mabega yashuke, kisha nyosha mikono mbele bila kutafuta chochote. Fungua macho. Mikono ikiwa imeishia juu ya tangi, usukani uko mbali nawe. Ikiwa imeangukia ndani kuliko raba za usukani, huenda ni mpana kuliko mabega yako. Rudia kwa miguu: inyanyue, iache ishuke yenyewe, na uangalie imetua mbele au nyuma ya vikanyagio, yaani vyuma vya kupumzishia nyayo, si pedali.

Halafu weka alama. Kalamu ya rangi au tone la rangi ya kucha kwenye usukani pale unapokutana na kishikio chake (kibano kinachoufunga kwenye pikipiki), kwenye kila liva, na kwenye shafti ya gia pale pedali inapobana. Piga picha namna waya zinavyopita. Hakuna kinachoudhi kama kutaka kurudi ulikotoka na kukuta hukumbuki ni wapi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha endesha njia ileile kwa nusu saa angalau. Dakika tano za kwanza huwa tamu kwa kila marekebisho, hata yale mabaya.

Dalili: vidole vinakufa ganzi

Swali la kwanza ni vidole vipi. Hili si udadisi tu, linagawanya njia mbili.

Ganzi ikikaa kwenye kidole cha mwisho na cha pembeni yake, mshipa wa fahamu unaobanwa ni ule unaopita nyuma ya kiwiko na kuingia kiganjani upande wa kidole kidogo. Hubanwa pale uzito unapokalia ukingo wa nje wa kiganja, au kiwiko kinapokaa kimekunjwa sana kwa muda mrefu. Ganzi ikikaa kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, anayebanwa ni mwenzake anayepita katikati ya kifundo cha mkono, na sababu ya kawaida ni kifundo kukaa kimepinda, juu au chini.

Tuanze na kifundo kilichopinda, kwa kuwa tiba yake ni spana moja na dakika chache. Kaa kwenye pikipiki kama unavyoendesha, nyosha vidole juu ya liva, na mwenzako akutazame kwa pembeni. Mgongo wa kiganja, vidole na mkono wa chini vinapaswa kuwa mstari mmoja. Liva ikiwa juu mno, kiganja kinapinda kwenda nyuma na kifundo kinazama. Ikiwa chini mno, vidole vinainama kuitafuta. Legeza bolti za kishikio cha liva kiasi cha kuruhusu kizunguke kwa nguvu kidogo, kizungushe mpaka mstari unyooke, kaza. Sikazi bolti hizi kwa nguvu za kuonyesha: kishikio kikiweza kuzunguka kidogo pikipiki inapoanguka, liva hunusurika kuvunjika. Lakini kisizunguke kwa mkono wakati wa kushika breki.

Anayeendesha sana akiwa amesimama kwenye njia mbaya atahitaji liva zishuke kidogo zaidi ya hapo, kwani akisimama mikono inatokea juu. Hapo chagua kati, ukiegemea upande unaotumia muda mwingi.

Upande wa breki kuna la ziada. Chupa ya mafuta ya breki huzunguka pamoja na liva. Ikilala sana, usukani ukikatwa hadi mwisho tundu la ndani linaweza kubaki wazi na hewa ikaingia. Mfuniko ukae karibu na usawa usukani ukiwa umenyooka. Kama mstari wa mkono wako unadai chupa ilale, basi usukani wenyewe ndio wa kuzungusha, si liva.

Sasa uzito. Nenda mahali patupu, endesha polepole, na ulegeze mikono mpaka vidole viguse raba tu bila kuzikamata. Mwili ukianza kuteleza au kuinama mbele, mikono ndiyo iliyokuwa inauzuia. Tazama kiti: kikiwa kimeinamia tangi, hakuna usukani utakaokuponya, kwa sababu utaendelea kuteleza na kujisukuma nyuma kwa viganja. Kunyanyua mbele ya kiti kwa washa nene, au kupunguza godoro la nyuma, huzaa matunda kuliko usukani wa bei. Vikanyagio vilivyo nyuma sana huleta hali hiyohiyo, maana mwili huinama kufuata miguu.

Mtetemo una saini yake. Ganzi inayokuja kwenye mwendo fulani tu wa injini, ikatoweka ukiongeza au kupunguza gia, ni mtetemo. Ukiusikia miguuni na kalioni pia, acha usukani, kagua bolti zinazoshikilia injini kwenye fremu, cheni iliyochakaa au kukazwa kupita kiasi, na tairi lisilo na uzito sawa pande zote. Ukiusikia mikononi peke yake, uzito wa chuma kwenye ncha za usukani husaidia, kwa kuwa hubadilisha mwendo ambao usukani hupenda kutetemekea. Angalia kwanza kama pikipiki ilikuja na uzito huo na mtu akautoa kwa ajili ya urembo. Hutokea zaidi ya unavyodhani. Raba nene nazo hunyonya mtetemo, lakini si za kila mtu: mwenye mkono mdogo akishika raba nene hulazimika kukaza zaidi, na kukaza ndiko kunakoleta ganzi.

Mkono mmoja tu? Wa kulia: zungusha mafuta (raba ya kuongezea mwendo) na uachie. Yakirudi kwa uvivu, waya umekauka au umepinda mahali. Pima pia ulegevu, yaani kiasi raba inavyozunguka kabla waya haujaanza kuvutwa. Pikipiki nyingi hutaka milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa raba. Ulegevu mwingi unamaanisha kifundo kinazungushwa zaidi ya lazima siku nzima. Wa kushoto: klachi nzito. Waya uliokauka, unaochanika nyuzi, au unaopita kwenye kona kali ndio wa kulaumiwa kabla ya springi za klachi. Waya mpya huweza kulainisha liva kwa kiasi cha kushangaza.

Ganzi inayokuamsha usiku, au inayobaki saa nyingi baada ya kushuka kwenye pikipiki, si kazi ya fundi tena. Mwone daktari.

Dalili: liva iko mbali, vidole vinajinyoosha kuifikia

Kiungo cha kwanza cha kidole cha kati kinapaswa kuikunja liva bila kiganja kuhama kwenye raba. Ikiwa unalazimika kusogeza mkono mbele, nguvu ya breki inapungua, tena wakati unapoihitaji haraka.

Liva nyingine zina kigurudumu chenye namba au skrubu ndogo karibu na egemeo lake: sogeza karibu, jaribu, basi. Zisizo nacho ni suala jingine. Kwenye klachi ya waya unaweza kuongeza ulegevu ili liva ianze kufanya kazi ikiwa karibu na raba. Kawaida ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya liva. Ukizidisha, klachi haitaachia kikamilifu, gia zitakwaruza, na kupata gia ya bure ukiwa umesimama kutakuwa mieleka. Ukipunguza mpaka ulegevu uishe, klachi itateleza na kujichoma.

Kwenye breki ya mbele, usicheze mchezo huo. Shika kwa nguvu zako zote: liva isifike kwenye raba, na ibaki nafasi ya kutosha kidole kisibanwe. Usikate wala kupinda liva kuileta karibu. Ziko liva fupi na zenye kurekebishika kwa karibu kila modeli, na huu ni ununuzi ninaouunga mkono bila kusitasita.

Dalili: mabega, shingo na sehemu ya juu ya mgongo

Viwiko vilivyonyooka kabisa vinasema usukani uko mbali, chini, au vyote viwili. Kila tuta barabarani linapanda moja kwa moja hadi begani. Viwiko viwe na mkunjo mdogo.

Anza kwa kuuzungusha usukani kwenye vishikio vyake. Legeza bolti, uvute kuelekea kwako nyuzi chache, jaribu. Fahamu kwamba ncha zake hushuka unapozivuta, pembe ya viganja hubadilika, kwa hiyo liva lazima zipangwe upya. Kuna watu huvuta usukani mpaka ncha zinatazama magotini. Viwiko vinabanwa ubavuni na kona za polepole zinakuwa za kupigania.

Ikikosa kutosha, ndipo raiza zinapoingia: vipande vya chuma vinavyokaa chini ya kishikio na kuuinua usukani, vingine vikiurudisha nyuma pia. Milimita 20 au 30 kwa kawaida huonekana ndogo mkononi dukani na kubwa ukiwa umekaa. Zaidi ya hapo waya na paipu huanza kukosa urefu. Pima kipenyo kabla ya kununua chochote: usukani wa pikipiki nyingi ndogo na za kati ni milimita 22, ule mnene katikati na mwembamba nchani ni 28.6 kwenye kishikio. Pikipiki za kifahari za mwendo wa taratibu mara nyingi hutumia 25.4. Kishikio cha 25.4 juu ya usukani wa 22, kikijazwa na kipande cha kopo la soda, ni jambo nililoona na ningependa nisilione tena.

Pikipiki zenye usukani wa vipande viwili unaobana kwenye shokapu za mbele hazipokei raiza hizi za kawaida; huhitaji vipande vilivyotengenezwa maalumu.

Upana nao. Usukani mpana hukupa nguvu ya kukata kona, lakini ukikata hadi mwisho mkono wa nje hauufikii bila bega kuvutwa. Ukiamua kuukata, toa kidogo kidogo, milimita 10 kila upande, na kabla ya msumeno sogeza swichi na liva kuelekea katikati uendeshe hivyo kwanza. Mara nyingi mpindo wa usukani huanza mapema kuliko unavyodhani, na vifaa vinakosa sehemu iliyonyooka ya kukaa. Usukani hauchomelewi. Wala wa aluminiamu uliopinda haunyooshwi. Ukishapinda mara moja, ufa uko njiani.

Shingo inayouma bila mabega kuuma huwa ni upepo au kofia, si usukani. Nenda ukatazame huko.

Dalili: magoti na nyonga

Goti lililokunjwa kupita pembe ya mraba kwa saa nzima litalalamika, na halina njia nyingine ya kusema ila kuuma. Kinachotakiwa ni umbali zaidi kati ya kiti na kikanyagio. Watu hukimbilia kushusha vikanyagio. Mimi ningeanza na kiti. Godoro nene zaidi kwa milimita 20 humpa goti nafasi ileile, haligusi pedali yoyote, na pikipiki inabaki na uwezo wake wote wa kulala kwenye kona. Anayeshindwa hapo ni yule ambaye miguu yake tayari inagusa chini kwa vidole tu.

Ukishusha vikanyagio, vipande vya kushushia kwa kawaida hutoa milimita 20 hadi 40. Jua unachotoa sadaka: kikanyagio kitagusa lami mapema zaidi ukiinama. Kikanyagio kizuri hujikunja juu na nyuma kinapogusa; kilichofungwa kwa bolti ngumu kisichokunjwa kinaweza kuinua tairi la nyuma. Chunguza kuwa bawaba yake bado inafanya kazi baada ya kufunga kipande kipya. Na pedali zote mbili zitapaswa kufuata, la sivyo umehamisha maumivu kutoka gotini kwenda kwenye kifundo cha mguu.

Kiuno kinachouma chini kabisa, karibu na mkia, huwapata zaidi wenye vikanyagio vya mbele. Miguu ikinyooshwa mbele, haiwezi kusaidia kubeba chochote. Kila shimo linapokelewa na uti wa mgongo. Kusogeza miguu nyuma kwa sentimita chache huenda kukafanya kazi kuliko mto wowote wa kiti.

Dalili: kifundo cha mguu, muundi, na gia zinazoruka

Hapa ndipo pikipiki nyingi zimekosewa, kwa sababu pedali ya gia hupangwa siku ya kwanza na haiguswi tena. Weka mguu wa kushoto juu ya kikanyagio ulivyozoea. Ncha ya kiatu inapaswa kuingia chini ya pedali bila mguu kunyanyuka, na ikae juu yake bila kidole kuinamishwa kama cha mcheza ngoma. Kama kupandisha gia kunakulazimu uondoe mguu mzima kwenye kikanyagio, pedali iko juu. Kama kiatu hakipiti chini yake, iko chini. Mara nyingine gia inayoruka au kukwama katikati ya mbili si ugonjwa wa gia boksi: kiatu kinashindwa kumaliza safari ya pedali.

Kuna aina mbili za ufungaji. Ya kwanza, pedali inakaa moja kwa moja kwenye shafti yenye meno. Bolti yake haitoshi kulegezwa. Itoe kabisa, kwani kwenye pikipiki nyingi inapita kwenye mfereji wa shafti na ndiyo inayoizuia pedali isichomoke. Ivute nje, izungushe jino moja, irudishe. Jino moja ni kidogo kwenye shafti lakini kwenye ncha ya pedali linaweza kuwa sentimita nzima au zaidi. Ikigoma kutoka, panua mpasuo wake kidogo kwa bisibisi na mafuta ya kulegezea kutu. Usiigonge kwa nyundo kuelekea injini.

Aina ya pili ina fimbo ya kuunganisha pedali na mkono mdogo wa shafti. Legeza nati mbili za kufungia, zungusha fimbo, pedali inapanda au kushuka taratibu kwa kadiri unavyotaka. Moja ya nati hizo mara nyingi ina uzi wa kinyume, kwa hiyo kabla ya kulaani kutu jaribu upande mwingine. Uzi wa kutosha ubaki ndani ya kila ncha. Mkono mdogo na fimbo vikutane kwa pembe iliyo karibu na mraba pedali ikiwa imepumzika. Pembe ikienda mbali na hapo, upande mmoja wa gia unakuwa mgumu na mwingine mlegevu, na unaweza kutumia mwaka mzima ukilaumu klachi.

Baada ya kurekebisha, pitisha gia zote juu na chini kwa mkono, tairi la nyuma likizunguka hewani injini ikiwa imezimwa. Hakikisha pedali haigongi kifuniko cha injini wala kikanyagio kabla gia haijaingia. Kwenye pedali ya kisigino na vidole tazama ncha zote mbili, maana ukishusha moja nyingine inapanda.

Muundi wa kulia unaouma, misuli ya mbele ya mguu, ni mtu anayenyanyua vidole muda wote ili asikanyage breki. Pedali ya breki iko juu mno. Ishushe mpaka ikae chini kidogo ya usawa wa kikanyagio, ili kuikanyaga kuwe ni kushusha vidole tu na wala si kuhamisha mguu. Ziko sehemu mbili za kugusa, na kuzichanganya ndiko kunakoleta balaa. Skrubu ya kuzuilia huamua urefu wa pedali ikiwa imepumzika. Nati ya fimbo huamua breki inaanza kushika wapi. Ukigusa ya kwanza, lazima ukague ya pili.

Kwa breki ya dramu, ulegevu wa kawaida kwenye ncha ya pedali ni milimita 20 hadi 30. Kwa breki ya diski, fimbo inayosukuma pampu lazima iwe na ulegevu mdogo sana lakini uwepo. Ukiumaliza, pampu haiachii mafuta yarudi, breki inabaki imeshika, diski inachemka, na baada ya kilomita chache tairi linakaza lenyewe. Kipimo ni rahisi: nyanyua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono, kanyaga, achia, zungusha tena. Lazima lizunguke kama awali. Mwisho tazama taa ya breki. Swichi yake ina springi na nati. Ikiwa pedali imeshuka na swichi haijafuata, taa itawaka moja kwa moja na dereva wa nyuma yako hatajua unaposimama.

Matatizo yanayozaliwa na marekebisho yenyewe

Usukani ukishainuliwa au kuhamishwa, kuna jaribio lisilorukwa. Washa injini, gia ikiwa ya bure, tairi la mbele likiwa huru, na ukate usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia mara kadhaa.

Mngurumo ukipanda usukani unapokatwa, waya wa mafuta umekuwa mfupi au unavutwa njiani. Usiendeshe. Pikipiki inayoongeza mwendo yenyewe ukigeuka kona ya polepole inaweza kukutupa mbele ya gari. Kwanza jaribu kuupitisha waya njia fupi zaidi. Ikishindikana, nunua mrefu. Kuongeza ulegevu ili kuficha tatizo ni kuahirisha tu.

Ulegevu wa klachi ukipotea upande mmoja, dawa ni hiyohiyo. Paipu ya breki ikikaza au kunyonga kwenye kona, usiivumilie hata siku moja. Paipu ndefu zaidi inamaanisha kufungua mfumo: washa mpya za shaba kwenye maungio, mafuta mapya, na kutoa hewa yote mpaka liva iwe ngumu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chupa, na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na DOT 3, 4 au 5.1. Mafuta ya breki ya aina hizo tatu yanakula rangi, kwa hiyo funika tangi. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki, mpe fundi sehemu hii.

Indiketa zikizimika au honi ikilia usukani ukiwa upande mmoja, kuna waya wa umeme uliobanwa kati ya usukani na fremu. Utafute kabla haujachubuka na kuunguza fyuzi. Injini inayokataa kuwaka baada ya kuhamisha kishikio cha klachi huenda ni swichi ndogo iliyo chini ya liva imechomoka. Pikipiki nyingi haziwaki bila ishara yake.

Nyumba ya swichi ikizunguka kila unapobonyeza, tazama ndani yake: mara nyingi kuna kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usukani mpya hauna tundu hilo. Toboa tundu dogo la kukitosha mahali sahihi, ukishapima mara mbili, usikate kipini. Mafuta yakigoma kurudi baada ya kufunga raba mpya, raba ya kulia imesukumwa mpaka inasugua uzito wa nchani au nyumba ya swichi. Acha milimita moja au mbili za hewa. Gundi iliyovuja ndani ni sababu nyingine, na hiyo huwa inasubiri mpaka ikauke ndipo ijitokeze.

Usukani ukijizungusha kwenye shimo kubwa, safisha grisi au rangi kwenye kishikio na uangalie mpangilio wa bolti. Vifuniko vingi vya kishikio vina alama ya nukta inayotakiwa kutazama mbele: kaza bolti za mbele mpaka pengo lifunge, kisha za nyuma, na pengo libaki nyuma. Visivyo na alama hukazwa kwa zamu, mapengo yakilingana. Bolti za milimita 8 hapo kwa kawaida huchukua Nm 20 hadi 25 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Pikipiki ikianza kuyumba kwenye mwendo mkubwa baada ya kuinua usukani, sababu ni kwamba mwili umerudi nyuma, tairi la mbele limepungukiwa uzito, na wewe umekuwa tanga la upepo unayevuta usukani kila upepo unapopiga. Kabla ya kuhukumu raiza, nyanyua mbele ya pikipiki na uvute shokapu mbele na nyuma: zikicheza, beringi za shingo zimelegea, na usukani mrefu umefichua tu kilichokuwepo. Zikiwa salama, shusha usukani hatua moja au punguza mzigo wa nyuma.

Kagua bolti zote ulizogusa baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki. Ikiwa ile ya pedali ya gia inalegea tena na tena ingawa umeikaza sawasawa, meno ya pedali yameliwa. Badilisha pedali mapema, kwa sababu ikiendelea kucheza itakula meno ya shafti pia, na kwenye pikipiki nyingi shafti hiyo haitoki bila kufungua injini.